Je, Wajua? Flashi Moja Inatosha

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu msomaji. Ukiwa hapa Kamina, Katanga, na kamera moja, flashi moja na simu yenye mega za kutazamia video, tayari una darasa, una mwalimu, una vifaa. Leo ni maajabu ya taa moja tu, ile iliyovuliwa kichwani mwa kamera ikasimamishwa pembeni. Anza kuhesabu kwa vidole, maana vitakuishia!

DARASA LILILO MFUKONI

Je, wajua kwamba video ya kwanza kabisa ya YouTube ina sekunde 19 tu? Iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005. Ndani yake Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi, amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego. Masomo yote ya flashi unayotazama jioni baada ya bukari yalifunguliwa mlango na tembo hao!

Mega zinakwisha upesi? Sikiliza hesabu hii. Video ya 1080 ina nukta 2,073,600 katika kila picha, na ya 360 ina nukta 230,400: ni mara 9 barabara! Lakini kivuli cha pua kinaanguka upande uleule katika zote mbili. Shusha ubora, okoa mega, somo ni lilelile.

Mwalimu anaongea mbio? Mpunguze! YouTube inakuruhusu kushusha mwendo hadi 0.25, yaani robo. Ukiwa kwenye kompyuta, simamisha video kisha bonyeza kitufe cha nukta: inasonga mbele picha moja moja. Bonyeza cha mkato: inarudi nyuma vilevile.

Na lugha? Video nyingi zina maandishi ya chini, na YouTube yenyewe inaweza kuyageuza Kiswahili. Tafsiri itachechemea hapa na pale, sawa. Ila namba hazitafsiriwi: f/8 ni f/8 Kamina, ni f/8 Tokyo.

Je, wajua nani aliyeamsha wimbi hili? Ni David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun huko Marekani. Mwaka 2006 alianzisha blogu ya Strobist na kuanza kuwafundisha watu mtandaoni jinsi ya kutumia flashi ndogo nje ya kamera. Somo lake la msingi, Lighting 101, ni bure. Bure kabisa!

Sasa siri ya kuiba ufundi wa mwalimu yeyote: tazama macho ya mtu anayepigwa picha. Ndani ya mboni kuna doa jeupe, na doa hilo ndilo taa yenyewe. Doa la mviringo ni mwavuli, la mraba ni sofutiboksi, na likiwa juu kulia basi taa ilisimama juu kulia. Hata asipokuambia kitu, macho yamekwisha kusema!

NDANI YA KISANDUKU KIDOGO

Je, wajua kwamba mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja? Kutoka Kamina hadi Lubumbashi, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 420 hivi. Mwanga unazimaliza kwa 1/700 ya sekunde. Treni ingekuwa bado haijapiga honi!

Flashi ya Godox TT600, moja ya zile za bei nafuu zinazopendwa na wanaoanza, huwaka kwa 1/300 ya sekunde ikiwa na nguvu zote. Ipunguze hadi chini kabisa, inawaka kwa 1/20,000 ya sekunde! Kupepesa jicho huchukua kama 1/10 ya sekunde. Piga hesabu mwenyewe: mwako huo ni mfupi mara 2,000 kuliko kupepesa.

Kwa hiyo usihangaike na kuganda kwa picha. Tone la maji, nywele za mchezaji, unga unaorushwa hewani: vyote vinasimama kimya. Na ajabu ni kwamba flashi ikiwa na nguvu ndogo ndiyo inayogandisha zaidi!

Je, wajua kinachowaka ndani ya bomba la flashi? Ni gesi ya zenoni, iliyogunduliwa na William Ramsay na Morris Travers mwaka 1898. Iko hata katika hewa unayovuta sasa hivi, ila ni chembe moja katika chembe zaidi ya milioni 11. Vuta pumzi, umeipata kidogo!

Shika hili vizuri. Betri 4 ndogo za kuchaji zina volti 4.8 zikiunganishwa, lakini ndani ya flashi kapasita hujazwa hadi volti 300 na zaidi. Umeme umepandishwa zaidi ya mara 60! Ndiyo maana flashi iliyoharibika haifunguliwi kwa bisibisi nyumbani, hata ikiwa imezimwa. Inaweza kukutupa chini.

Betri ya kuchaji ina volti 1.2, ya kutupa ina volti 1.5. Unadhani ya kutupa itajaza flashi haraka? Hapana! Ya kuchaji hutoa umeme kwa wepesi zaidi, nayo ndiyo inayoiwahisha flashi kuwa tayari kwa mwako unaofuata.

Betri nzuri 4 huipa TT600 miako 230 hivi ya nguvu zote. Shusha nguvu hadi robo, miako inakaribia mara 4. Umeme ukikatika mtaani siku ya harusi, wewe hutajua hata umekatika!

Na kila unaposhusha nguvu hatua moja, mwanga unakuwa nusu. Kutoka 1/1 hadi 1/128 ni hatua 7 tu. Hatua saba, na taa yako imepungua mara 128!

HESABU INAYOFANYA MIUJIZA

Je, wajua kwamba ukiisogeza flashi kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga haupungui nusu? Unabaki robo! Mita 3, unabaki sehemu moja ya tisa. Mita 4, sehemu moja ya kumi na sita. Hatua mbili tatu za mguu zina nguvu kuliko vitufe vyote vya kamera.

Sasa tuipeleke kanisani. Kwaya imesimama mistari miwili. Flashi ikiwa mita 1 kutoka mstari wa mbele na mita 2 kutoka wa nyuma, wa mbele wanapata mwanga mara 4: wao weupe kama chokaa, wenzao gizani. Irudishe mita 5 na mita 6, tofauti inashuka hadi mara 1.44 tu. Kwaya yote imeokoka!

Hesabu hiyohiyo inaweza kuzima ukuta. Mtu awe mita 1 kutoka kwenye taa, ukuta mweupe uwe mita 4. Ukuta unapata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga wake, unageuka kijivu cha usiku. Mchana kweupe umepata studio yenye pazia jeusi, na hujanunua pazia!

Kila flashi ina namba yake ya nguvu. TT600 imeandikiwa 60, ikiwa imekazwa hadi milimita 200 na ISO iko 100. Gawanya kwa namba ya tundu la lenzi: 60 kwa 8 ni mita 7.5. Umbali wako huo, bila kupima kwa kifaa chochote!

Ngoja, lipo kubwa zaidi. Kwenye jua kali, ISO 100 na shata 1/200, tundu ni kama f/11. Gawanya 60 kwa 11, unapata mita 5 na kidogo. Maana yake, kwa umbali huo, betri 4 zilizo mkononi mwako zinalingana na jua! Jua lenyewe, ndugu!

Na jua la Kamina si la kuchezea. Mji uko nyuzi 8.7 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Nguzo inakosa kivuli, na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Flashi moja iliyosimama pembeni inayarudisha!

Je, wajua kwamba jua, pamoja na upana wake wa kilomita milioni 1.4, kwa mpiga picha ni taa ndogo? Liko mbali kilomita milioni 150, kwa hiyo hapa chini linaonekana kipande cha nusu ya nyuzi tu. Mwavuli wa mita 1 uliosimama mita 1 kutoka usoni unaonekana mpana mara 100 hivi kuliko jua! Ndiyo maana kivuli cha jua kinakata na cha mwavuli kinabembeleza.

Kwa hiyo taa laini si taa dhaifu. Ni taa kubwa iliyo karibu! Shuka jeupe lililotandazwa mbele ya flashi linafanya kazi ya sofutiboksi ya bei ghali. Sogeza karibu zaidi, ngozi inazidi kulainika.

Je, wajua kwamba kasi ya shata haiigusi flashi? Piga kwa 1/25, piga kwa 1/200: uso ulioangazwa na flashi unabaki vilevile. Lakini mwanga wa mazingira umepungua mara 8! Geuza kidude kimoja, na jioni imekuwa usiku nyuma ya bibi harusi.

Ila usipite kiasi. Kamera nyingi zina mpaka wa 1/200 au 1/250. Ukivuka, pazia la pili la shata linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na picha inatoka na mstari mweusi. Si flashi mbovu, si kamera mbovu: umevuka mpaka tu.

Kipimo cha mwanga cha kamera kinaamini kwamba dunia nzima ni kijivu cha 18%. Gauni jeupe kinataka kulifanya kijivu. Suti nyeusi nayo kijivu! Wewe unayemjua bwana harusi ndiye wa kuamua, kwa hiyo weka kila kitu kwa mkono.

Unataka namba za kuanzia leo jioni? ISO 200, f/5.6, shata 1/160, flashi nguvu 1/8 kupitia mwavuli mweupe, mita 1.5 kutoka usoni. Picha ikiwa nyeupe mno, shusha nguvu. Ikiwa nyeusi, sogeza taa karibu. Imekwisha!

WAPI TAA ISIMAME

Je, wajua kwa nini macho hutoka mekundu? Flashi iliyo juu ya kamera hupenya mboni, inagonga damu iliyo nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Ivue, isogeze pembeni. Wekundu umekwisha, hata kompyuta huihitaji!

Miwani inang'aa? Mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, haukosei hata siku moja. Inua flashi juu zaidi, na mng'ao unapita chini ya lenzi. Mwalimu wa shule anabaki na miwani yake, na macho yake yanaonekana.

Taa ikisimama pembeni na juu kidogo, shavu la upande wa giza hupata pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Wapiga picha wa dunia nzima huiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1669. Alifariki zaidi ya miaka 150 kabla ya picha ya kwanza ya kamera, na bado anatufundisha!

Ngozi nyeusi ina zawadi yake: hung'aa kwa mwanga unaorudishwa. Taa kubwa kutoka upande huchora mstari wa shavu, wa bega, wa kidole. Flashi ya usoni moja kwa moja inaufuta uzuri wote huo kwa mwako mmoja. Iweke pembeni, uone!

Kiangazi kikifika, vumbi la Kamina hujaa hewani. Flashi iliyo juu ya lenzi hulipiga vumbi lililo karibu, na picha inajaa viduara vyeupe. Isogeze kando, viduara vinatoweka. Ipeleke nyuma ya mtu, na vumbi lilelile linageuka pazia la dhahabu!

Mvua je? Flashi iliyo nyuma ya matone huyafanya yote yawake kama shanga, na kila tone linasimama hewani. Valisha flashi mfuko wa plastiki, umsimamishe rafiki chini ya mwavuli wake wa kawaida. Picha hiyo haina bei!

Ukielekeza flashi ukutani, ukuta unakuwa taa. Lakini angalia rangi! Ukuta mweupe hurudisha mwanga mweupe, ukuta wa matofali mekundu hurudisha wekundu. Ngozi ya mteja itakunywa rangi ya nyumba.

Mwanga una rangi yake inayopimwa. Mshumaa ni Kelvini 1,900 hivi, balbu ya kizamani 2,700, flashi 5,600, karibu sawa na jua la mchana. Funika flashi kwa plastiki maalumu ya rangi ya chungwa, nayo inashuka hadi 3,200 hivi. Sasa flashi na balbu za ukumbi zinaelewana!

Je, wajua kwamba taa moja inaweza kuwa mbili? Weka kadibodi nyeupe upande wa pili wa uso, mwanga uliopita unarudi. Ongeza karatasi ya alumini ya jikoni, unarudi kwa nguvu zaidi. Taa ya pili umeipata kwa kadibodi!

Na taa moja inaweza kuwa kumi! Usiku, weka kamera kwenye stendi, acha shata wazi sekunde 30, kisha tembea gizani ukifyatua flashi kwa kitufe cha majaribio, hapa mara moja, pale mara moja. Behewa zima linaangazwa na kisanduku cha kiganjani. Usimame tu nje ya reli, na kwa ruhusa!

Kamina, mji wa njia panda ya reli, moja ikielekea Ilebo na nyingine Kabalo, hili likufurahishe. Mmarekani O. Winston Link alipiga picha za treni za moshi usiku katika miaka ya 1950. Kwa picha moja ya mwaka 1956 aliunguza zaidi ya balbu 40 kwa mpigo mmoja! Wewe una moja, na inawaka tena na tena.

KUFYATUA KWA MBALI

Flashi nyingi zina jicho. Likiona flashi nyingine ikiwaka, nazo zinawaka papo hapo, bila waya. Kwenye jua kali jicho hilo hupofuka, kwa hiyo lifiche kivulini.

Triga ya redio haijali jua. Nyingi hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi, na hufika mita 100 pakiwa wazi. Unaweza kuificha flashi nyuma ya ukuta na bado ikakutii!

Na tukiwa kwenye redio: je, wajua kwamba kuna Kamina nyingine, iliyoko Togo? Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na kituo cha redio huko, kikizungumza na Nauen karibu na Berlin, umbali wa kilomita 5,000 hivi. Mwezi Agosti mwaka huohuo wakakibomoa wenyewe, vita vilipowafikia.

Huna kamera, una simu? Flashi ya kawaida haielewani na simu, kwa kuwa simu husoma picha mstari kwa mstari na mwako unapita kabla haijamaliza. Usikate tamaa! Azima simu ya pili, washa tochi yake, mpe mdogo wako aishike pembeni. Somo la taa moja limeanza.

Ukiuziwa flashi ya zamani, chunga. Baadhi ya zile za kizamani hutoa volti zaidi ya 200 pale zinapogusana na kamera, na kamera ya kisasa inaweza kufa hapohapo. Itumie mbali, kwa triga inayoweza kuivumilia, au iache dukani.

WALIOTUTANGULIA

Mwaka 1851, London, William Henry Fox Talbot alibandika ukurasa wa gazeti la The Times kwenye gurudumu linalozunguka kwa kasi. Akaupiga picha kwa cheche ya umeme, na maandishi yakasomeka! Taa moja, cheche moja, zaidi ya miaka 170 iliyopita.

Mpiga picha Nadar alishuka kwenye mapango ya mifupa ya Paris mwanzoni mwa miaka ya 1860 akiwa na taa ya umeme wa betri. Picha moja ilichukua hadi dakika 18! Hakuna mtu angetulia hivyo, kwa hiyo palipohitajika mfanyakazi alisimamisha sanamu iliyovikwa nguo.

Picha za kwanza ndani ya Piramidi Kuu ya Giza zilipigwa mwaka 1865. Charles Piazzi Smyth, mwanaastronomia wa Uskoti, aliunguza magnesi gizani. Afrika ilikuwa darasa la flashi kabla ya miji mingi ya Ulaya kuwa na umeme!

Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walichanganya unga wa magnesi uliowaka mara moja kwa kishindo. Jacob Riis aliupeleka kwenye vyumba vya maskini wa New York, na kitabu chake cha 1890 kilitikisa mji. Mara mbili aliwasha moto nyumba, mara moja akajiwasha mwenyewe!

Julai 1906, jarida la National Geographic lilichapisha picha 74 za George Shiras, nyingi za wanyama wakiwa usiku. Alikuwa akiwanyemelea paa kwa mtumbwi, flashi ikisubiri. Kabla hajatoka kwenye kurasa hizo, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amekwisha kuwapiga simba usiku katika nyika za Afrika Mashariki, kwa unga uleule, na kitabu chake kilitoka mwaka 1905.

Karibu na mwaka 1930 ikaja balbu ya flashi. Kila balbu iliwaka mara moja tu, kisha jalalani! Miako 230 ya betri zako ingekuwa mfuko mzima wa balbu zilizoungua.

Harold Edgerton wa chuo cha MIT aliipa dunia flashi ya umeme inayorudia. Mwaka 1957 alipiga tone la maziwa likiwa taji, na mwaka 1964 risasi ikitoboa tufaha. Babu wa flashi yako ni huyo!

Flashi iliwahi kutumiwa vibaya pia. Kamera ya Polaroid ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza mwako kwa 42%, na ilipiga picha za pasi walizolazimishwa kubeba Waafrika wa Afrika Kusini. Caroline Hunter na Ken Williams, wafanyakazi wa kampuni hiyo, walianza kupinga mwaka 1970. Mwaka 1977 Polaroid ikaondoka nchini humo!

Kinshasa ilipokuwa Léopoldville, Jean Depara aliingia kwenye mabaa usiku na flashi yake. Wacheza dansi, warembo, vijana watanashati: wote wakawaka. Mwanamuziki Franco mwenyewe alimchukua awe mpiga picha wake.

Bamako, mwaka 1963, Malick Sidibé alifyatua flashi moja kwenye sherehe ya Krismasi, mbele ya kijana na msichana wakicheza. Picha hiyo imezunguka dunia. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yakampa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake!

Mwenzake Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948, mara nyingi alimpiga kila mteja picha moja tu. Moja! Taa yake kubwa ilikuwa jua la uani. Ukijua mahali pa taa, huhitaji picha mia.

Je, wajua Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui akiwa na miaka mingapi? Miaka 13! Ilikuwa mwaka 1975. Usiku alijipiga picha mwenyewe kwa filamu zilizobaki, na leo picha hizo ziko kwenye majumba makubwa ya sanaa.

Zanzibar, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Na hapa Katanga, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, ni mmoja wa walioanzisha tamasha la sanaa la Picha mwaka 2008. Barabara ya picha inapita kwetu, ndugu!

FLASHI YA MBINGUNI

Bingwa wa radi barani Afrika yuko nchini mwetu! Kabare, huko Kivu Kusini, hupata miako 205 ya radi kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Duniani imepitwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu, lenye miako 233 hivi.

Na tukishuka ardhini, je, wajua yanakotoka yale madini yaliyomo ndani ya betri nyingi za kamera na simu, kobalti? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, jirani zetu wa Lualaba na Haut-Katanga wakiongoza. Simu uliyotazamia somo huenda imebeba udongo wa nyumbani!

Basi inuka, ndugu yangu. Jioni hii tazama somo moja tu, zima simu, toka nje na mtu mmoja na flashi moja. Mpige taa ikiwa kushoto, kisha kulia, kisha juu, kisha nyuma, ukilinganisha kila picha na iliyotangulia. Usingoje taa ya pili: ile ya kwanza haijakuonyesha hata nusu ya inayoyaweza.